Aliyekuwa Akimwitikia

Mdomo wake ulikuwa umejaa povu la dawa ya meno mkewe alipouliza kutoka jikoni.

"Baba watoto, umelala salama?"

"Kama gogo," sauti yake ikajibu. "Hata wangenipasua kuni nisingeamka."

Jikoni mkewe akacheka. Mwanamume akabaki ameinama juu ya sinki, mswaki umesimama katikati ya meno, povu likimchuruzika kidevuni. Hakuwa amesema neno. Wala hakuwa amelala. Alijitazama kwenye kioo kidogo kilichoning'inia kwenye msumari, akaona midomo imebana mswaki na koo limetulia, na hapo ndipo aliposikia harufu ya chuma kilichochomwa, harufu ambayo haikuwa na sababu yoyote ya kuwepo bafuni. Akatema. Akafungua bomba hadi mwisho, maji yapige kelele.

"Siku hizi una maneno, wewe!" mkewe akasema kwa furaha.

Kazini walimwita Sikio. Alikuwa fundi katika karakana ya treni, na kazi yake ilikuwa kupita kando ya mabehewa yaliyoletwa kukaguliwa, akiwa na nyundo ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Gurudumu zima hulia. Mlio wake ni mrefu na safi, hupanda hadi kwenye mabati na kupotelea huko. Gurudumu lenye ufa halilii. Hutoa sauti fupi ya kubanwa, kama mtu aliyeanza kusema jambo akaghairi. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Sikio aliifanya kazi hiyo tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na ilimfaa kwa kuwa haikutaka maneno. Nyumbani pia hakuyatumia sana. Mkewe alizoea kuuliza swali na kujibiwa kwa kichwa, na akiwa jikoni, asikoweza kukiona hicho kichwa, alizoea kutojibiwa kabisa.

Mwenye maneno alikuwa rafiki yake, mchomeleaji waliyempachika jina la Bwana Raha. Huyo alikuwa na la kusema kwa kila mtu. "Mnyapara," angesema asubuhi, "tumbo lako limeshafika, sasa tunakusubiri wewe." Karakana nzima ingecheka, na mnyapara angecheka kuliko wote. Watu walisema Bwana Raha hajui huzuni ina rangi gani.

Kila asubuhi mnyapara alisimama mlangoni na kuita majina kwa sauti ya uchovu, bila kuinua macho. Aliyechelewa aliitikiwa na mwenzake. Ilikuwa ndiyo adabu ya pale: leo nakuitikia, kesho utaniitikia. Nayo ilikuwa na ufundi wake, kwa sababu ilibidi uigize sauti ya mwenyewe. Bwana Raha alikuwa amezidisha kuchelewa siku hizo. Sikio hakumuuliza kwa nini. Alimwona anakuja na macho mekundu, akadhani ni mwanga wa kuchomelea. Au alichagua kudhani hivyo.

Asubuhi moja jina la Bwana Raha likaitwa, na kimya kikataka kuingia. Sikio akavuta pumzi, akaiachia ile sauti pana ya rafiki yake: "Nipo, mkuu! Nipo kuliko jana!"

Ilitoka vizuri mno. Watu wakaangua kicheko, na hata mnyapara akatabasamu huku macho yake yakiwa bado chini. Sikio, ambaye maishani mwake hakuwahi kuchekesha mtu, aliona raha iliyompanda hadi masikioni.

Kabla ya mchana mke wa Bwana Raha, aliyekuwa amesafiri kumuuguza mama yake, alipiga simu karakana. Mumewe hapokei simu. Je, amefika kazini?

"Yupo, shemeji," mnyapara akamwambia. "Ameitika mwenyewe, tena kwa mbwembwe. Ni hizi kelele tu, hasikii simu."

Mwanamke akashukuru, akarudi kwa mama yake moyo umetulia. Bwana Raha alikuwa nyumbani, mlango umefungwa kwa ndani, ameshajifanyia alichojifanyia, na bado alikuwa hai. Daktari aliyasema hayo baadaye kwa sauti ya mtu anayesoma kipimo cha joto: kama angetokea wa kuuvunja ule mlango asubuhi, angepona.

Kwenye mazishi walimwambia Sikio ajikaze. "Wewe ni mwanamume," walisema, wakimpiga mgongoni kama wanaojaribu uimara wa ukuta. "Ukilia wewe, mjane afanyeje?" Hakulia. Wote walijua nani aliitika asubuhi ile, na wote walinyamaza kwa kumhurumia. Hakuna aliyemlaumu, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwomba msamaha.

Baada ya hapo lile wazo likaja kukaa naye. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi na kusema hatakaa sana. Sikio akaanza kugawa vitu: koti lake zuri kwa shemeji yake, redio kwa jirani. Walishukuru. Hakuna aliyeuliza. Na alikuwa ameamua kwamba akitokea hata mmoja wa kuuliza, atasema. Alilipanga neno lenyewe kichwani, akalishika pale kama mtu anavyoshika nauli mkononi asije akaipoteza.

Ndipo ikaanza ile sauti.

Siku ile ya mswaki, alipofika karakana, mnyapara alimsimamisha.

"Sikio, mzima wewe? Naona kama umekonda."

Akafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari. Harufu ya chuma kilichoungua ikampanda kutoka kifuani, ulimi ukamlala kama mguu uliokaliwa, na sauti yake, yake kabisa ila yenye uchangamfu ambao hakuwahi kuwa nao, ikasema: "Sijakonda, mkuu. Nimekuachia nafasi, maana upana wote wa karakana umeuchukua wewe."

Mnyapara akacheka hadi akashika ukuta. "Haya basi! Kumbe Bwana Raha ametuachia mrithi!"

Tangu hapo ikawa hivyo. Aliulizwa, akajibiwa. Mafundi waliokuwa wakimpita kama nguzo wakaanza kumwita akae nao wakati wa chakula. Kila alipotaka kulia walimwona anatabasamu, kwa maana kitu kile kilijifunza kumtumia na mashavu pia. Akaenda kwa kaka yake, fundi cherehani, akiwa na hakika kwamba damu itasikia. Alikaa kwenye benchi ya wateja, akashika kingo zake kwa mikono miwili.

"Vipi, mdogo wangu?" kaka akauliza, sindano mdomoni. "Nimesikia habari za rafiki yako. Wewe lakini uko sawa?"

"Mimi niko sawa, kaka. Aliyeharibika ni huyo uliyemshonea hii suruali."

Kaka akacheka, akaondoa sindano mdomoni ili acheke vizuri zaidi. "Mwanamume ndiyo awe hivyo," akasema. "Mama angekuona angefurahi." Na Sikio, ndani ya kichwa chake mwenyewe, alipiga kelele hadi akahisi masikio yanamziba, na mashine ya kaka yake ikaendelea kushona kola.

Siku moja wenzake walipokwenda kula, alishuka kwenye shimo la ukaguzi chini ya behewa na kukaa huko peke yake, kwenye ubaridi wa saruji na harufu ya grisi. Karakana ilikuwa kimya. Halafu juu yake, pasipo na mtu wala nyundo, gurudumu likalia.

Ulikuwa mlio mrefu na safi, ukafuatwa na wa gurudumu la pili, na wa tatu, kana kwamba mtu anatembea polepole kando ya behewa akiyagonga yote na kuyakuta yote mazima, na kadiri mlio ulivyosogea ndivyo harufu ya chuma kilichochomwa ilivyozidi, ikafunika grisi, ikamwingia puani na kooni na machoni hadi machozi yakamtoka, machozi ambayo hayakuwa ya kulia kwa sababu hata kulia sasa hakukuwa kwake, na mlio wa mwisho haukupanda kwenye mabati kama inavyopasa bali ulishuka shimoni, ukamwingia kifuani, ukakaa.

"Toka," akanong'ona. Hilo aliweza kulisema, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kulisikia.

"Nitoke niende wapi?" sauti yake nayo ikanong'ona. "Wewe ndiye uliyeniita. Mwenzako alipofunga mlango wake nilibaki nje, sina kinywa, nazunguka hii karakana kama mbwa asiye na mwenyewe. Mara nasikia mtu anaitika kwa sauti ya yule wangu. Nikasema, huyu hapa. Huyu ameshanifanyia kazi yangu."

"Yale maneno yake yote... vichekesho vyake..."

"Vyangu. Siyo vyote. Zamani alichekesha mwenyewe. Halafu akachoka, nikamsaidia."

"Alitaka kusema nini?"

"Hilohilo la kwako. Nyote mna neno moja, tena fupi. Mimi nawasitiri. Watu hawalipendi."

Aliyegundua alikuwa mjane wa Bwana Raha. Alikuja kuwatembelea jioni moja kabla jua halijazama, akakaribishwa sebuleni, akaketi mkabala na Sikio. Mkewe alikuwa akimsimulia mgeni jinsi mumewe alivyobadilika, jinsi siku hizi nyumba ilivyo na gumzo, majirani hata wanauliza anamlisha nini.

"Shemeji," mjane akamwambia Sikio, "unaendeleaje?"

"Naendelea kuzeeka, shemeji, maana kurudi nyuma nimekatazwa."

Mkewe akacheka. Mjane hakucheka. Alikuwa akilitazama koo la Sikio. Aliweka kikombe chake chini kwa uangalifu mkubwa.

"Mwezi wa mwisho," akasema kwa sauti ya chini sana, "mume wangu alikuwa akinichekesha hata akinywa maji. Anakunywa, na anaongea. Nilidhani ni utundu wake." Akamgeukia mwenyeji wake. "Dada yangu, mpeleke huyu mtu. Mpeleke kesho. Mimi nilisubiri."

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliyepanga chumba nyuma ya duka la vipodozi. Kulikuwa na viti vya plastiki, feni iliyozunguka kwa kusitasita, na chetezo kidogo ambamo makaa yalikuwa yameshashika. Akatia ubani, akavuta kiti hadi magoti yake yakakaribia ya Sikio, akamwekea vidole viwili kooni.

"Hujambo, baba?"

"Sijambo kabisa, mama, ila hivyo vidole vyako umevitoa kwenye friji?"

Koo chini ya vidole halikucheza hata kidogo. Mganga akamtazama mke. "Umeona?"

Mke akayatazama makaa.

"Huyu hatoki kwa moshi," mganga akasema. "Moshi ni wa kumchosha tu. Anatoka akinyimwa kazi. Kazi yake ni kujibu, na chakula chake ni kusadikiwa. Sasa wewe utamuuliza mumeo hali yake. Litajibu hilo lililomwingia. Usilikubali. Usicheke, usishukuru. Uliza tena, na tena, hadi uone midomo ya mumeo inacheza yenyewe. Ikicheza utasikia jambo baya. Ulisikie lote."

Mke akasogeza kiti. Uso wake ulikuwa umechoka, na Sikio akaona mvi juu ya paji lake ambazo hakukumbuka zilikuja lini.

"Mume wangu, una nini?"

"Nina mke mzuri na njaa."

"Una nini?"

"Nina miguu inayouma. Mwambie mganga atupe viti vya watu."

"Baba watoto. Una nini?"

Harufu ya chuma ikakijaza chumba. Makaa yakafifia kana kwamba yamefunikwa. Sauti ilijibu tena, na tena, lakini kichekesho kilianza kukauka, maneno yakatoka makavu na kwa haraka, na Sikio akahisi ulimi unamrudia, kwanza sindano sindano, kisha uzito, kisha ladha. Akahisi midomo, akahisi meno yake mwenyewe, akalitafuta lile neno alilolishika muda wote ule, na lilikuwepo, halikuwa limepotea, akaanza kulisukuma.

"Na..." akasema. Ilikuwa sauti mbaya, yenye kutu. "Nata..."

"Vizuri," mganga akanong'ona. "Muulize. Usiache."

Hapo kile kitu kikaacha mzaha. Kikazungumza na mke kwa upole ambao chumba kile hakikuwahi kuusikia.

"Unakumbuka mvua iliyotunasa kituoni, kabla hatujaoana? Ulivua viatu ukavishika mkononi, ukaniuliza kama umekuwa kichekesho. Sikukujibu. Nimekaa na jibu miaka yote. Nilikuona mzuri hadi nikaogopa nikisema neno utaondoka."

Yalikuwa kweli. Yalikuwa ya Sikio, kila neno. Alikuwa ameyaficha mahali pa ndani kabisa akingoja siku inayofaa, na sasa yalikuwa yakitolewa mbele ya macho yake na kukabidhiwa mkewe na mkono mwingine. Mkewe alianza kulia.

"Nata... ka," Sikio akasema, jasho likimtoka. "Nataka ku..."

Mkewe akanyoosha mkono, akamziba mdomo kwa kiganja. Hakufanya kwa ukali. Alifanya kama mama anayemtuliza mtoto anayeingilia maongezi ya wakubwa.

"Ngoja," akamwambia mumewe. "Mwache amalize."

"Ondoa mkono!" mganga akasema.

"Nilijua," mke akasema, bila kuuondoa. "Tangu asubuhi ile. Mlango wa bafuni ulikuwa wazi kidogo, nikamwona ana mswaki mdomoni. Nilijua siyo yeye. Lakini nilikuwa nimeuliza, mganga, na mtu akanijibu. Unajua nimeuliza maswali mangapi ndani ya nyumba ile? Unajua inavyokuwa, kuongea na masufuria?" Akapangusa pua kwa mkono wa pili. "Endelea," akakiambia kile kitu. "Mvua ilipokatika ulifikiri nini?"

Nacho kikaendelea.

Mganga alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akabeba chetezo chake na kukitoa nje.

Waliondoka jua likiwa limeinama juu ya mapaa. Mtaa ulikuwa na watu wanaotoka makazini na maduka yanayofungwa. Mke alitembea upande wa kulia, uso umemng'aa kama wa msichana, akiuliza na kujibiwa, na Sikio alitembea kando yake kama mtu anayesindikiza wapenzi. Akagundua kwamba sauti haikuwa tena kifuani mwake. Ilikuwa mbele kidogo, karibu na sikio la mkewe. Harufu nayo ilikuwa imesogea huko. Akapunguza mwendo ili ahakikishe. Sauti haikupunguza. Mkewe naye hakupunguza. Aliinamisha kichwa kwenye hewa iliyokuwa kando yake, akacheka, akapinda kona penye duka la dawa. Kicheko chake kilibaki kidogo nyuma yake, kisha nacho kikapinda.

Sikio akasimama.

Kifua chake kilikuwa kitupu na kimya. Alimeza mate, akayahisi yanapita. Akasogeza taya. Hakuna kilichomzuia.

"Nataka kufa," akasema.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na alisema wazi, katikati ya mtaa, watu wakimpita pande zote. Hatua chache kutoka pale mwenye duka la viatu alikuwa akihangaika kushusha lango la chuma lililokwama. Akaliacha, akageuka.

"Umesema na mimi, mzee wangu? Sikukusikia, hili lango lina kelele." Akamtazama vizuri, akasogea karibu. Hakuwa na haraka. Macho yake yalikuwa ya mtu mwema. "Lakini mzima wewe?"

Sikio akasubiri harufu. Haikuja. Akasubiri ulimi umlale, haukulala. Hapakuwa na kitu chochote kati yake na yule mtu, ila hewa, na yule mtu alikuwa akingoja.

"Mzima," Sikio akasema. "Mzima tu, bwana. Nashukuru."

Yule mtu akatabasamu, akaridhika, akarudi kwenye lango lake.